Unapokodi Mahali pa Harusi Nairobi, Unakodi Saa

Katibu wa Kamati (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, nimeombwa mara kadhaa nieleze jinsi ya kuchagua mahali pa kufanyia harusi hapa Nairobi, na kila mara nimejibu kwa sentensi mbili tatu kisha nikajutia ufupi huo. Nimekuwa katibu wa kamati ya harusi mara nne, mbili katika kumbi za hoteli na mbili katika bustani. Mojawapo ilikuwa ya mdogo wangu wa kike, nayo ndiyo iliyonifunza zaidi kwa sababu ndiyo iliyoharibika zaidi. Hoja yangu ni moja: mwenye bustani hakukodishi nyasi wala miti, anakukodisha saa. Maharusi wengi hulipia picha waliyoiona kwenye simu, ilhali kitakachoamua kama siku itakwenda vyema ni saa ya lango kufunguliwa kwa wapambaji, saa ya chakula kuanza kupakuliwa, saa ya muziki kuzimwa na saa ya hema la mwisho kung'olewa.

Bustani ya harusi ya mdogo wangu ilikuwa Karen, na jina lake nitalihifadhi. Mkataba ulisema "siku nzima", nasi tukaridhika. Ijumaa jioni mwenye mahema alipofika na lori lake alikuta sherehe nyingine inaendelea, akaambiwa arudi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ibada ilikuwa saa nne. Nilipofika kutoka kanisani nilimkuta mwanamke mmoja juu ya ngazi akibana kitambaa cha dari kwa pini, huku shangazi zangu wameshaketi chini yake, mikoba magotini, wakiogopa kuinua macho zisije pini zikawaangukia. Chakula kilianza saa kumi na robo. Keki ilikatwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na saa kumi na mbili kamili meneja alikwenda kwenye swichi kuu akazima spika, bibi harusi akiwa katikati ya kuwashukuru wazazi wetu. Kumbe katika kitabu chao "siku nzima" iliishia hapo. Mama alimalizia kushukuriwa bila kipaza sauti, na waliokuwa hema la tatu hawakusikia neno.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijauliza bei, huuliza lango linafunguliwa saa ngapi kwa wenye mahema, na kama kuna sherehe nyingine siku iliyotangulia au, mbaya zaidi, siku hiyohiyo upande wa pili wa ua. Bustani nyingi zina viwanja viwili au vitatu vilivyotenganishwa na michongoma tu, na sijaona mchongoma unaozuia sauti ya mfawidhi (MC) wa jirani. Kisha huuliza saa ya kuzima muziki. Hapo wenye bustani hawana uhuru mkubwa kama tunavyodhani, kwa sababu kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na sauti inayoruhusiwa katika mitaa ya makazi baada ya hapo ni ndogo mno kwa spika za harusi. Bustani iliyozungukwa na nyumba za watu ikikuahidi ngoma hadi usiku wa manane, zungumza na majirani kwanza. Mimi niliwahi kumwuliza mlinzi wa lango la jirani, naye aliniambia mengi kuliko meneja.

Foleni ya chakula nayo inakula saa kuliko hotuba za wajomba, ingawa lawama huwaangukia wajomba. Katika harusi ya tatu nilisimama na saa mkononi nikahesabu: watu watatu kwa dakika ndio waliopita mbele ya meza moja ya chakula, wanne pale foleni ilipokuwa ya vijana. Wageni 300 kwa meza moja, basi, ni dakika 100. Kwa meza tatu ni dakika 33 au 34. Mahali ambapo jiko liko upande mmoja na njia ni nyembamba kiasi kwamba huwezi kuweka meza ya pili, umekwisha kupoteza zaidi ya saa moja ya zile ulizolipia. Jua la Nairobi nalo halimsubiri mtu. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro robo, na mpiga picha wenu atawakumbusha hilo kwa ukali.

Kuhusu mvua sitasema mengi, kwa kuwa kila mkazi anajua masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba, na mafuriko ya Aprili 2024 hayajasahaulika. Ninachoomba mtazame ni udongo. Upande wa mashariki na kusini mwa jiji, na sehemu za Lang'ata na Karen, kuna udongo mweusi unaonata. Mvua ya usiku mmoja inatosha kuzamisha visigino vya wasimamizi wa kike na magurudumu ya basi la wageni kutoka mashambani. Upande wa Runda, Kitisuru na Barabara ya Kiambu udongo ni mwekundu, unanyonya maji upesi zaidi, ingawa utaipaka rangi gauni jeupe bila huruma. Swali la kumwuliza msimamizi wa bustani ni magari yataegeshwa juu ya nini, maana kila bustani ina kimbilio la mvua la kukuonyesha, na ni chache zenye maegesho ya mawe.

Mkienda kutazama, nendeni Jumamosi jioni wakati harusi ya watu wengine inaendelea, kwa ruhusa ya msimamizi. Bustani ya Jumanne asubuhi hupendeza daima, na huwezi kujua vyoo vitakuwaje saa kumi na moja jioni watu 300 wakishavitumia.

Bi Harusi Mtarajiwa

Kaka Katibu, asante sana. Harusi yetu ni Jumamosi moja ya Agosti, na tumebaki na chaguo mbili: bustani iliyo kando ya Barabara ya Kiambu, na ukumbi wa hoteli katikati ya jiji. Bustani inataka shilingi 500,000, na msimamizi anasema kuna watu wengine wanaoitaka tarehe hiyohiyo, kwa hiyo tumtumie nusu ndani ya siku mbili kwa nambari yake ya simu. Hoteli imetupa kadirio la shilingi 600,000 pamoja na chakula cha wageni 150, lakini mchumba wangu anahofia kwamba wageni watafika 250. Je, haraka hii ya msimamizi ni ya kweli au ni ya biashara?

Katibu wa Kamati

Dada, inaweza kuwa yote mawili. Agosti na Desemba ndiyo miezi ya pilikapilika, kwa sababu shule zimefungwa na ndugu walio ng'ambo wamerudi, na Jumamosi za Agosti hazizidi tano. Hata hivyo haraka ya kweli haikatazi risiti. Mwombe akushikie tarehe kwa siku saba kwa maandishi, hata kama ni kwa arubuni ndogo, na usitume chochote kwa nambari ya mtu binafsi. Biashara iliyosajiliwa ina akaunti ya benki au nambari ya Paybill (ya malipo ya biashara kwa simu) yenye jina lake, na jina hilo ndilo linalopaswa kuwa juu ya mkataba. Ikiwa ni kampuni, unaweza kutafuta taarifa zake kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupata hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi ni akina nani.

Kuhusu hoteli, soma kadirio hilo hadi chini kabisa. Mara nyingi bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa haijajumuisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Kwa shilingi 600,000 hizo ni 96,000 na 12,000, yaani jumla inakuwa 708,000, na kamati nyingi hugundua tofauti hiyo wiki ya mwisho, wakati hakuna tena mchango wa kuitisha. Uliza pia kama wanatoza ada mkileta keki au vinywaji vyenu kutoka nje.

Swali la wageni 150 au 250 ndilo gumu zaidi, na halihusu hoteli bali familia zenu. Kaeni na wazazi wa pande zote mbili, mwandike majina, si makadirio. "Watu wa kanisa, kama hamsini" si jina. Mkifika majina 200, ukumbi wa 150 umejiondoa wenyewe kwenye orodha, wala hakuna haja ya kujadili zulia lake.

Mama Mpishi

Napika katika sherehe kwa miaka mingi, na ningependa kuongeza mambo ya nyuma ya pazia, kwa kuwa sisi wapishi hufika kabla ya maharusi na kuondoka baada yao.

Jambo la kwanza ni maji. Nairobi ina mgao wa maji, kwa hiyo muulizeni msimamizi kama ana kisima au anategemea lori la maji, na tangi lake ni la lita ngapi. Mimi nikikuta bomba moja linalotiririka kama uzi, naanza kupika nikiwa nimechelewa, na hapo hesabu nzuri ya Katibu ya foleni imevunjika kabla sufuria haijabandikwa. Jambo la pili ni umeme: jenereta iwepo, na mwombe iwashwe mkiwa hapo, kwa kuwa nyingine ni mapambo. Kama muziki, taa na majokofu ya vinywaji vyote vinaning'inia kwenye waya mmoja, mtakuwa mnachagua baina ya soda baridi na nyimbo.

Halafu kuna kima, wale wanyama wa jamii ya tumbili. Maharusi hucheka ninapowatahadharisha. Kule Karen, na kote kunakopakana na msitu wa Karura, kima wanajua ratiba ya harusi kuliko mfawidhi. Mwaka mmoja nilimwona mmoja ameteremka kwenye nguzo ya hema taratibu, akaketi kwenye kiti cha msimamizi wa keki, akachagua ghorofa ya juu kabisa ya keki, ile yenye maua ya sukari, akaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyetumwa. Wageni walipiga picha, hakuna aliyemkimbiza. Tangu siku hiyo keki hukaa ndani ya gari hadi dakika za mwisho, na kijana mmoja hupewa kazi ya kukaa karibu na meza na fimbo. Ulizeni kama mahali penu pana kima, na kama msimamizi ana mtu wa kuwafukuza.

Bi Harusi, Agosti ni baridi. Jua likizama, wazee chini ya hema lililo wazi hutetemeka, na wakitetemeka huomba gari na kuondoka. Tafuteni hema lenye kuta, au leteni majiko ya makaa ya kukaa kando ya hema, si ndani yake.

Baba wa Bwana Harusi

Nimesoma kwa makini, na nawaheshimu wote mliochangia. Ila nauliza kama mzee: kwa nini tunaanza na bustani ya shilingi nusu milioni? Kijana wangu wa kwanza alifunga ndoa kanisani, na chakula kikaliwa katika uwanja wa kanisa hilohilo, umbali wa hatua mia moja. Hakuna msafara uliokwama katika msongamano wa Barabara ya Thika, hakuna mgeni aliyepotea njia, wala hakuna meneja aliyetuzimia spika. Fedha zilizobaki zilikuwa arubuni ya kiwanja chao.

Katibu wa Kamati

Mzee, shikamoo. Hoja yako ina uzito kuliko unavyoisema, kwa sababu umbali kati ya kanisa na mahali pa karamu ni saa pia. Harusi iliyofungwa Buruburu na kuliwa Limuru imetoa zaidi ya saa moja kwa barabara, na zaidi ikiwa ni mwisho wa mwezi. Mahali pamoja pa ibada na karamu panarudisha saa hiyo. Nitaongeza tu kwamba uwanja wa kanisa nao una masharti, kama vile kutokuwa na pombe au kumaliza kabla ya ibada ya jioni, na yaandikwe vilevile, hata kama mzee wa kanisa ni mjomba wenu.

Nao watakaofunga ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 21 na isiyozidi miezi mitatu, na notisi hiyo hupelekwa kwa msajili na pia kwa msimamizi wa mahali ndoa itakapofungwa. Ikiwa mnataka ifungwe palepale bustanini, hakikisheni msimamizi analijua hilo, na kwamba tarehe ya bustani na ya msajili ni moja. Nimeona wawili waliolipia bustani mwaka mzima mapema wakasahau msajili hadi wiki mbili zilipobaki.

Wakili wa Jioni

Naomba niseme kuhusu karatasi, kwa kuwa kesi za namna hii hunijia baada ya harusi, wakati maua yamekwisha kunyauka. Watu huchanganya arubuni na dhamana. Arubuni ni sehemu ya bei, inayolipwa mapema ili kushika tarehe. Dhamana ni fedha unazoacha kwa ajili ya uharibifu, na zinapaswa kurudi. Mkataba mbaya huyaita yote mawili kwa jina moja, kisha husema "haitarudishwa". Mwandike kila moja kwa jina lake na kiasi chake, na kwa dhamana mwandike irudi baada ya siku ngapi, na kwamba makato yoyote yataambatana na picha na risiti ya ukarabati. Asubuhi ya harusi, kabla ya hema la kwanza kusimama, mtu mmoja wa kamati apige picha za nyasi, vyoo na kuta. Ni kazi ya dakika kumi.

Jambo la pili ni kuahirisha. Machi 2020 ilipofika na mikusanyiko ikazuiwa, wateja wangu wengi waligundua kwamba mikataba yao haikuwa na neno hata moja kuhusu nini kitatokea serikali ikizuia sherehe. Na hata harusi ziliporuhusiwa tena, amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020, haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021, kwa hiyo aliyekuwa amelipia karamu ya usiku alipewa ya mchana kwa bei ileile. Takeni kifungu kinachosema kwamba jambo la namna hiyo likitokea mtahamishiwa tarehe nyingine bila kuongezewa bei, au mtarudishiwa fedha, na kiseme pia ni nani anayechagua kati ya hayo mawili.

Mkidhulumiwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mtakachoulizwa hapo ni mkataba na uthibitisho wa malipo. Arubuni iliyotumwa kwa simu ya meneja inaweza kuthibitishwa, lakini mtatumia jasho kuthibitisha kwamba meneja aliipokea kwa niaba ya bustani.

Bi Harusi Mtarajiwa

Narudi kutoa taarifa. Mzee, uwanja wa kanisa letu unakarabatiwa hadi Oktoba, vinginevyo ningefuata ushauri wako. Tumeandika majina, yamefika 214, kwa hiyo hoteli imejiondoa kama kaka alivyosema, na mama mkwe wangu mtarajiwa amenyamaza siku mbili baada ya sisi kukata "watu wa chama".

Jumamosi iliyopita tulikwenda bustanini saa kumi na moja jioni. Kulikuwa na harusi, na kitu cha kwanza nilichoona ni wanawake watatu wamevua viatu wakitembea pekupeku kuelekea vyooni, ambako kulikuwa na foleni na ndoo moja ya maji mlangoni. Mchumba wangu alikwenda kuzungumza na vijana wa mahema, nao wakamwambia walikuwa wamefika usiku wa kuamkia siku hiyo na kufanya kazi kwa tochi za simu. Nilidhani tutaondoka, lakini meneja alipoona tunaandika alikuja mwenyewe. Tumekubaliana haya, kwa maandishi: lango lifunguliwe kwa wapambaji Ijumaa saa nane mchana, ataleta vyoo vinne zaidi vya kuhamishika kwa gharama yake, na meza za chakula zitakuwa tatu. Malipo ni kwa akaunti ya kampuni, asilimia 30 sasa. Alikataa kuandika muziki saa tatu usiku. Ameandika saa mbili. Kwa hiyo tumesogeza ibada kutoka saa nne hadi saa tatu asubuhi, na padre amekubali.

Katibu wa Kamati

Meneja anayekataa kuandika saa tatu namwamini kuliko anayeikubali upesi. Ila hiyo saa mbili ni ya muziki kuzimwa au ya lango kufungwa? Kung'oa mahema ya watu 214, kukusanya viti na kuosha sufuria ni kazi ndefu, na Mama Mpishi hataki kuifanya gizani lango likiwa linafungwa mgongoni mwake. Aandike zote mbili.

Bi Harusi Mtarajiwa

Nimempigia simu sasa hivi. Muziki unazimwa saa mbili usiku, wapishi wanatoka kabla ya saa nne, na mahema yanaweza kulala hadi Jumapili asubuhi, mradi yaondoke kabla ya saa mbili, kwa sababu Jumapili hiyo wana harusi nyingine na wapambaji wake wameambiwa wafike mapema. Nimemwomba nambari ya simu ya bibi harusi huyo.